Daftari la Miche

Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunahesabu wafu.
Syombua hutangulia na panga la kufyekea magugu,
mimi nyuma na daftari la zamani la mwanangu;
kurasa za mwanzo bado zina hesabu za kugawanya.

Mukinduri, arobaini na miwili: thelathini hai.
Muringa, kumi: mbuzi wa Lindi wamekula sita.
Muhugu, ishirini. Hapo Syombua huinama,
hugusa kila jani kama mama apimaye homa.

Tuliiotesha kwenye pakiti za maziwa.
Bomba lilipokauka tulinunua maji kwa Khaemba,
mtungi shilingi kumi, na watu wakatucheka:
mnanywesha msitu, na watoto wenu
wanaoga kwa kikombe?
Hatukujibu.
Kweli walikuwa wanaoga kwa kikombe.

Lakini mimi msitu huu niliujua kwanza usiku.
Miaka kumi na mitano nyuma niliingia na msumeno
nimeuviringa kwa gunia usilie njiani.
Muhugu mmoja, kodi ya miezi miwili.
Haukuanguka mara moja; ulishikashika matawi ya wenzake
kama mlevi asiyekubali kuwa kalewa,
na harufu yake ikaganda kwenye shati langu
hata mke wangu akaniuliza, umetoka kanisani?

Kisiki kipo, hatua tisa kutoka njiani.
Leo Syombua alikikalia afunge kamba za raba.
Akapapasa ukingo wake, akasema:
"Aliyekata hapa alikata chini kabisa,
hakupoteza hata shubiri."
Nikasema, "Alikuwa fundi."
Akanitazama, muda mfupi kuliko nilivyoogopa,
kisha akanipa mche na jembe.

Udongo pale ni mweusi, mizizi ya zamani
bado inakataza jembe. Nilichimba kwa vidole.
Nyuma yetu malori ya barabara kuu yalinguruma,
na juu ya miti, ghorofa jipya
lilichungulia kwa madirisha yasiyo na vioo.

Muhugu hauna haraka na mtu.
Nikijaliwa uzee, utanifika kidevuni;
kivuli chake atakikalia mtu
ambaye mama yake hajazaliwa.

Nimefuta ishirini, nimeandika ishirini na moja.
Pembeni mwa ukurasa, kwa wino mwekundu,
mwalimu wa mwanangu aliandika zamani:
Rudia.
Sikuongeza neno.