Bitana

Baridi ya Butte haiingii kwa mlango.
Inapanda kutoka chini, ngazi kwa ngazi,
kutoka kwenye vina ambako babu zetu
walichimba shaba mpaka mlima ukawa tumbo tupu.
Nasi sasa, mwaka wa tatu tangu mbingu ipasuke,
ndio chakula kilichobaki tumboni.

Hawakuja na tarumbeta.
Walianguka kama mvua ya mawe,
wengine na moto viganjani, wengine wameshakufa,
tukajifunza upesi, kama wenye njaa wajifunzavyo,
kwamba nyama yao hailiki,
mfupa wao hauvunjiki kwa nyundo,
lakini unyoya mmoja ukiutia kwapani
unakupa joto usiku kucha.

Ndivyo nilivyokuwa fundi.
Miaka kumi na sita, vidole viwili vimekufa ganzi,
sindano niliyoinoa kutoka spoku ya baiskeli.
Mama Trevena anakata kitambaa, mimi najaza.
Manyoya arobaini kwa koti la mtu mzima,
ishirini kwa mtoto.
La Teemu, mdogo wangu, nilitia themanini,
kwa sababu anakohoa,
na kwa sababu ufunguo wa kabati ninao mimi.

Usiku koti lile hupumua.
Teemu akivuta, lenyewe hushusha.
Nimezoea. Mtu huzoea.

Jana zamu ya lango ilikuwa yangu.
Amri ni moja: ukimwona, piga kengele.
Akatokea kwenye theluji, miguu mitupu,
mabawa yamenyonyoka kama kuku wa sikukuu,
kijana, au kitu kilichoazima umri wangu,
na malaika ya mikononi mwangu yakanisimama
kana kwamba yamemtambua ndugu.

Kamba ya kengele nilikuwa nimeishika.
Teemu alikuwa nyuma yangu, kaniletea supu ya viazi.

Yule hakunitazama mimi. Alipiga magoti,
akashika pindo la koti, akaligeuza,
akatia kidole palipofumuka, ndani ya bitana,
akaanza kuhesabu kwa midomo tu.
Alipofika themanini akataja jina.
Siwezi kuliandika. Lilikuwa na sauti
ya bilauri ya moto iliyotiwa maji baridi.

Akauliza, kwa taabu, kama anayetafuna kokoto:
"Alikufaje?"
Nikasema: "Tulimkuta ameshakufa."

Hakuwa amekufa.
Mwezi wa kumi na moja, chini ya mnara wa mgodi,
alikuwa akiutazama mkono wangu wenye mkasi,
akautazama mpaka mwisho,
wala hakuuzuia.

Teemu akapiga chafya. Supu ikamwagika kidogo.

Yule akaomba sindano, nikampa.
Akaushona mshono wangu, polepole, vibaya
(kazi hii huko juu hawafundishwi),
akamfunga mtoto kifungo cha shingoni,
akasimama, akaenda zake
upande ambao hakuna kitu,
hata kijiji, hata moshi.

Kengele sikuipiga.

Asubuhi Mama Trevena aliziona nyayo.
"Za nani hizi?"
"Za mbwa," nikasema.
Akaziangalia sana.
"Mbwa wa vidole vitano," akasema,
akakata uzi kwa meno, akanisukumia kitambaa.
"Na sindano yako iko wapi?"