Kitabu cha Vibarua

Mimi ni nyapara wa chumvi, Gongoni,
miaka kumi na minne, mabwawa arobaini.
Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nasimama langoni,
kalamu nimeifunga uzi shingoni isipotee.
Jina. Kitambulisho. Koleo namba ngapi.
Aliyechelewa hana siku.

Kusali kwangu kulikuwa hivyo hivyo.
Alfajiri, kabla kuku hawajashuka mtini,
namwita Mungu, namwandika:
Wewe leo, jua kali hadi Ijumaa.
Wewe, mguu wa mama upone kabla ya Pasaka.
Wewe, Nyevu amalize uhasibu, aajiriwe benki kule Malindi,
dirisha la pili, nikipita nimwone kwenye kioo.
Amina. Natia tiki.
Jioni namkagua.

Hakuna aliyeniambia ni kosa.
Kanisani waliniita mwanamke wa maombi.

Sasa sikia chumvi inavyofanywa.
Maji ya bamvua yanapanda mkondoni,
unafungua mlango wa mbao, yanaingia, unafunga.
Basi. Kazi ya binadamu imeishia hapo.
Zilizobaki ni siku, na jua,
mpaka maji yaote meno meupe.
Miaka kumi na minne nimeyatazama
nikidhani ni mimi niliyeyaotesha.

Usiku wa tarehe tisa Februari,
mwezi ambao hata mawingu huwa likizoni,
kesho yake ndiyo siku ya kuvuna,
bati liligongwa mara moja, mara mbili, kisha likapigwa lote.
Nilitoka na kanga na gambuti, turubai begani,
nikakimbilia bwawa la kumi na saba
kwa kuwa ndilo lililokuwa jeupe kuliko yote.
Nikivuta pembe hii, pembe ile inapeperuka.
Fondo, kibarua wa juzi tu, anayelala banda la mashine,
akaja akashika upande wa pili.
Tukasimama, maji magotini,
tumelitandaza kama watu wanaokunja shuka.
Akaniuliza, bila dharau,
“Mama Nyevu, hili tukilifunika,
yale thelathini na tisa tutayafunika na nini?”

Simu ilikuwa mfukoni, ndani ya nailoni,
na ndani yake ujumbe wa siku tatu, sijaujibu:
Mama, nimeacha chuo. Niko salama. Usije.

Sijui ni mkono gani ulioachia kwanza.
Turubai liliondoka kama mbuzi aliyekata kamba,
likagaragara juu ya matuta, likapotelea kwenye mikoko.
Chumvi ikarudi kuwa maji, kimya,
na mimi nikamwambia Mungu neno
ambalo silirudii hapa.

Kisha nikakaa kwenye tuta. Halikutokea jambo.
Sikusikia sauti. Mvua ilinya hadi ilipochoka yenyewe.
Ila mikono yangu, iliyokuwa wazi mapajani,
nikaiona ni mikono ya wale ninaowaacha nje ya lango,
wanaokaa hadi saa kumi na moja
kama yuko atakayewahitaji.
Jina langu mimi limo katika kitabu cha nani?

Jumapili mchungaji aliuliza nani ana ombi.
Watu wakageuka; wanaijua orodha yangu,
wengine wakajiweka sawa kwenye benchi.
Nikasimama, nikasema, “Nyevu.”
Sikutia kitenzi. Nikaketi.

Hajapiga simu bado.
Nilimjibu: Kula vizuri. Chumba chako nimekifagia, hata usipokuja.
Kampuni imetukata nusu ya mshahara.
Mguu wa mama uko vile vile.
Na kila alfajiri mkono unatafuta kalamu shingoni;
siku nyingine naushika, siku nyingine unanishinda.

Leo maji ya bamvua yamerudi.
Nimefungua mlango, yameingia, nimefunga.
Fondo ananiuliza tutavuna lini.
Namwambia, lete koleo lako,
tuzibue huu mfereji.