Muhtasari wa Kikao Kilichovunjika

Mimi ni karani. Kazi yangu ni masikio.
Miaka kumi na tisa nimeketi pembeni ya jukwaa
feni ikinipeperushia karatasi,
nikiandika wanayosema waheshimiwa madiwani.

Mwaka ule Chama cha Taa walikuwa wachache.
Bajeti ilipofika ukurasa wa arobaini na moja
Mheshimiwa Kisebengo akasimama, akafunga kifungo cha koti,
akasema, nami nikaandika neno kwa neno:
“Heri milango ifungwe kuliko haki ifungwe!”
Wakatoka, viti vikilia sakafuni.
Akidi ikafa.
Chama cha Kinu, waliobaki, wakapiga meza:
“Wahaini wa maendeleo! Mnawatesa wanyonge!”
Mheshimiwa Lukwembe alitoa machozi kabisa.
Nimeandika kwenye mabano: (analia).

Malori ya taka yakalala siku thelathini na nne
kwenye yadi ya Keko, kuku wakitaga chini ya magurudumu.
Sikudhani, anayefagia kutoka Mchikichini hadi mataa ya Buguruni,
alikopa unga kwa Mangi hadi daftari likajaa.
Mangi akamwambia, bila ubaya,
“Dada, hata mimi nina bajeti.”
Mvua za Aprili zikaikuta mitaro imeshiba.
Pale Jangwani maji yaliingia nyumba kwa nyumba
na hayakumuuliza mtu kadi ya chama.

Kisha kura. Kisha vigelegele.
Taa wakawa wengi, Kinu wakahamia viti vya kushoto,
vile ambavyo kiyoyozi hakivifikii.

Safari hii ilikuwa ukurasa wa thelathini na nane.
Lukwembe akasimama. Koti jingine, kifungo kilekile.
“Heri milango ifungwe…”
Kalamu yangu ikasita.
Nikamtazama Kisebengo, nikidhani atacheka,
au ataona haya, au angalau atakohoa.
Alikuwa anapiga meza.
“Wahaini wa maendeleo!” Mishipa ya shingo imemtoka.
“Mnawatesa wanyonge!”
Akaanza kutafuta leso mfukoni,
nami, kabla hajaipata, nikawa nimeshaandika: (analia).

Methali ya tembo na nyasi wanaijua wote wawili.
Kila mmoja huikumbuka akiwa nyasi.

Nje, mhasibu alikuwa na fomu ya posho kwenye meza ndogo.
Waliotoka walisaini. Waliobaki walisaini.
Foleni ilikuwa moja, na mtu alimwazima mwenzake kalamu.
Akidi ya posho sijawahi kuiona ikifa.
Nami nilisaini. Nisijifanye nilikuwa juu ya mti.

Usiku ule nilifanya jambo la uvivu.
Nilitoa muhtasari wa zamani, nikabadili tarehe,
nikabadili namba ya ukurasa,
majina mawili nikayahamisha, la huku kule, la kule huku.
Mengine yote nikayaacha yalivyo,
hata kosa langu la zamani, pale nilipoandika “bageti”.

Kikao kilichofuata waliusoma, aya kwa aya,
Taa na Kinu, miwani puani.
Wakasahihisha kitu kimoja: “bageti” iwe “bajeti”.
Wakauthibitisha kwa kauli moja.
Mwaka mzima hawakuwa na kauli moja nyingine.

Sikudhani alikuja dirishani kwangu wiki ileile,
fagio ameliegemeza ukutani kwa adabu.
Hakuuliza mshahara. Aliuliza,
“Sisi umetuandika wapi?”

Nikafungua. Nikapitisha kidole:
kufungua kikao, sala, yatokanayo,
bajeti, bajeti, bajeti, kelele, (analia),
hadi ajenda ya mwisho, ile ya Mengineyo.
Chini yake palikuwa peupe, mistari minne.

Alipatazama muda mrefu.
“Pasafi,” alisema,
kama mtu anayeijua kazi hiyo,
akachukua fagio lake.