Ritifaa

Seva yetu ya Tukuyu ni nzee, inavuma kama jiko la mkaa
linalopepewa na mtu mwenye usingizi.
Ile ya benki, Mbeya mjini, sijawahi kuiona;
wanasema imewekwa kwenye chumba chenye baridi ya kununua.
Sisi huku baridi tunayo ya bure,
inaingia kwa dirisha la ofisi ya ushirika
pamoja na harufu ya chai mbichi.

Kila moja imelelewa kwao.
Yetu ikimaliza mstari huweka alama mbili,
moja ya kurudi mwanzo, moja ya kushuka,
kama mpiga taipu wa zamani.
Ile huweka moja tu. Inashuka, basi.
Yetu hutanguliza siku, ile hutanguliza mwezi.
Nikiwatuma usiku wakulima elfu moja na kitu,
kilo zao, bei yao, makato ya mbolea,
asubuhi nakuta wamechanganyika kama kandambili za msibani:
kilo za huyu zimevaliwa na yule,
tarehe tatu mwezi wa saba
imekuwa tarehe saba mwezi wa tatu,
na chai imelipwa kabla haijachipua.

Hayo tuliyaweza. Nilikaa kwenye simu na Kihwelo wa benki
(hucheka kwanza, ndipo aseme jambo baya)
tukapatana tuache kupanga vitu kwa mikato kama kuni.
Kila kitu kijitaje mlangoni.
Mimi ni jina. Mimi ni kilo. Mimi ni tarehe, mwaka kwanza.
Bano likifunguliwa, lifungwe.
Miezi miwili ikawa hodi na karibu.

Kisha mkulima wa 212.

Kila usiku faili lilikatikia kwake.
Waliotangulia walilipwa,
waliofuata wakapanga foleni nyuma yake
kama magari nyuma ya lori lililolala Mlima Nyoka.
Siku ya tatu akaja mwenyewe,
buti za mpira, udongo mweusi wa Kyimo.
Jina?
"Ambindwile Mwang'amba."

Alilitoa puani pale katikati, kama linavyotolewa kwao,
na pale pale puani ndipo seva ya benki ilipokwama:
kale kamkia kanakoning'inia hewani,
ritifaa, mwalimu alituambia, msiisahau,
yenyewe ilidhani ni mwisho wa maneno.
Ikafunga mlango,
"amba" akabaki nje na mvua.

"Kaondoe tu," akasema. "Niandike Mwangamba.
Kijana anadaiwa ada."
Kihwelo alishasema hivyo hivyo, akicheka kwanza.
Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.

Mama yangu alizaliwa Ng'umbi.
Cheti cha ubatizo kinasema Ngumbi.
Kadi ya kazini, Numbi.
Alikufa akiwa watu watatu
na mafao ya hata mmoja wao hayakutoka.

Nikampigia Kihwelo.
"Dada, saa tatu usiku hii."
Najua ni saa tatu.
Tulijaribu hivi, ikagoma; vile, ikameza jina lote.
Umeme ukakatika, ukarudi.
Mwisho tukaipa ile ritifaa mkwaju mdogo mbele yake,
fimbo ya kuegemea,
maana yake: mimi si mwisho, nisome nilivyo, pita.

Saa tano na ushee kukaja jibu kutoka Mbeya:
212, imepokelewa.
213, 214, na wengine wote, haraka haraka,
sikuwahi hata kuwasoma.

Asubuhi simu yangu ikaita. Nilidhani anashukuru.
"Pesa nimeiona. Jina wameandika vipi?"
Sawasawa.
"Hebu lisome."
Nikamsomea, kwa pua.
Upande wa pili mvua ilikuwa inapiga bati, mvua tu, muda mrefu.
"Rudia," akasema.