Kesi Imetajwa

Leo tena nimevaa kanga ya kesi,
ile ya buluu niliyoinunua Masasi
mwaka ule tulipodhani ni safari ya siku moja.
Pindo limeshapauka.

Nimetoka Tandahimba saa kumi alfajiri,
risiti yangu nimeichomeka katika kadi ya kliniki
ya mtoto ambaye sasa yuko darasa la pili.
Mifuko sita ya salfa. Imelipwa. Muhuri wa zambarau.
Salfa yenyewe ilikuwa chokaa iliyotiwa manjano.
Nilipuliza mikorosho mara tatu,
na ubwiri unga ukaja vilevile, ukalala juu ya maua
kama mgeni aliyetandikiwa.

Mheshimiwa anashuka garini.
Askari wa mlangoni anabana visigino,
kisha anakumbuka, anavilegeza.
Mheshimiwa ameongezeka mwili.
Sisi tunapungua:
Mzee Chinguile, shahidi wa nne, tulimzika wakati wa palizi.
Somoe Nantende kahamia kwa mwanawe Liwale,
na siku hizi majina hayamkai kichwani,
hata la mwanawe huyohuyo.
Mawakili wanaijua hesabu hii.
Hawaisemi. Wanaomba tarehe.

"Upelelezi haujakamilika, mheshimiwa."
Hakimu mheshimiwa, mshtakiwa mheshimiwa,
mimi ni shahidi wa saba.
"Jalada bado liko Dodoma."
Dodoma!
Ningekuwa na nauli ningelifuata,
ningelibeba kichwani kama mzigo wa kuni
mpaka juu ya meza yake, na vumbi lake.

Kesi imetajwa.
Haya, kutajwa.
Hata marehemu hutajwa,
kwenye hitima, pilau ikipikwa uani,
wala hakuna anayechungulia mlango
kuona kama anaingia.

Nje, kwenye ngazi, Dadi wa bodaboda anasema,
"Wangetuachia sisi. Dakika kumi tu."
Watu wakacheka. Nami nikacheka,
Mungu ananiona, na kicheko kilikuwa kitamu.

Halafu nikamkumbuka Ausi, mdogo wangu.
Jumatatu walimkamata kwa gunia la korosho la jirani,
Jumatano alikuwa na kifungo chake mkononi.
Hakuna jalada lililopanda basi.
Upelelezi ulikamilika kabla chai haijapoa.
Alipokuwa na miezi minane ndani
gunia likaonekana ghalani kwa chama,
limeandikwa namba ya mtu mwingine.
Karani alisema "lo!" akafuta, akaandika upya.

Kwa hiyo, Dadi, hizo dakika kumi nazijua.
Za Ausi ziliondoka na meno mawili
na mchumba wa Kitangari.
Simtakii yeyote, hata huyu mwenye gari.
Ninachoomba ni mwendo.
Konokono naye, akipita ukutani usiku,
asubuhi unauona utelezi wake
na unajua alikotoka.

Tarehe nyingine ni ya mwezi ujao,
mikorosho itakapokuwa inatoa maua.
Maua hayaahirishwi.
Ukichelewa wiki moja, umekula hasara,
na hakuna wa kumwambia kwamba wakili wako anaumwa.

Nilipitia duka la fotokopi.
Kijana aliifunika risiti, akaifunua, akainua juu ya taa.
"Mama, hii haitoki. Wino umekwenda."
Na mahakama inataka ileile halisi,
hiyohiyo inayoniaga kidogo kidogo
ndani ya kadi ya kliniki.

Usiku nikampa mtoto aisome,
macho yake bado mapya.
Akaiweka karibu na kibatari, kidole juu ya mstari.
"Mifuko si," akasoma.
Akageuza karatasi, akatazama nyuma,
akairudisha.
"Si nini, mama?"