Swali la Kumi na Tisa

Nyuma ya kaunta ya posta mjini Gimli,
mizani ya vifurushi imezimwa, hita inakoroma,
na nje ziwa limeganda kiasi cha kubeba malori.
Thorunn ana miaka arobaini na minne
na kitabu cha mtihani wa kuingilia chuo cha sheria,
kitabu cha mkono wa pili: majibu ya mtu mwingine
yangali humo kwa penseli, mengi yamefutwa,
na yasiyofutwa ndiyo yaliyokosewa.

Swali la kumi na tisa lasema:
Kila inyeshapo mvua ya mawe, bustani ya Bwana Pruitt huharibika.
Bustani imeharibika.
Basi mvua ya mawe imenyesha.
Ni hoja ipi kati ya hizi imepotoka vivyo hivyo?

Anaanza wanapoanzia wote:
anatafuta bustani.
Jibu A lina mawaridi, na mkono wake unalikimbilia
kama mtoto dukani anayemfuata mwanamke asiye mama yake
kwa kuwa makoti yamefanana rangi.

Acha koti, Thorunn.
Chuna. Toa mawaridi, toa mawe, mtoe na Bwana Pruitt,
bakisha mifupa mitatu mezani:
hiki kikija, kile hufuata;
kile kipo;
basi hiki kilikuja.

Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga,
wala hawakusema kila wingu ni mvua.

Anaipitisha mifupa kwenye majibu kama anayejaribu ufunguo.
B inaingia nusu, inakwama: paka hana njaa, basi hatalia.
Hicho nacho ni kilema, ila cha mguu mwingine.
C imenyooka, haina kasoro hata chembe,
na kwa hiyo haitakiwi hapa.
D imeandika "baadhi" mahali pa "kila",
neno dogo, mchanga katika ugali.
E: Lavallee akiwa na deni hufunga duka mapema.
Leo amefunga mapema.
Basi Lavallee ana deni.
Hakuna ua, hakuna tone la mvua,
ila kuchechemea ni kule kule.

Anatia alama. Dakika tatu na nusu.
Mtihani hautampa hata mbili.

Nyumbani anavua buti, anakung'uta theluji,
na ukumbini anakutana na mlango wa Svala.
Siku ya kumi na moja umefungwa,
tangu jioni ile aliposema, huku akimenya viazi,
"Nikifaulu, tutahamia Winnipeg."
Siku kumi na moja amepita hapa kwa ncha za vidole,
akiacha sahani sakafuni, akiokota sahani.

Leo mguu unakataa kupita.
Svala akikasirika hufunga mlango.
Mlango umefungwa.
Basi...

Anasimama na glavu moja mkononi.
Mifupa ile ile! Ameichuna usiku kucha
kwenye bustani za watu na maduka ya watu,
kumbe nyingine anaishi nayo, ameivika soksi,
anaipikia chakula cha jioni.

Anabisha.
Kimya, halafu kitanda kinalia, halafu kitasa.
Msichana amejifunga blanketi hadi kidevuni.
"Dirisha langu halifungi vizuri," anasema.
"Nikiacha mlango wazi, baridi inakwenda hadi jikoni."

Thorunn karibu acheke, karibu apige hesabu: nilijua, nilijua.

"Na nimekasirika pia," anasema Svala.
"Sana."

Kitabu hakikumwandaa kwa hili,
au kilimwandaa naye akaruka ukurasa:
kwamba hoja mbovu yaweza kufika kwenye ukweli,
kama mlevi afikaye kwake bila kujua alipita njia gani.

Anaingia. Anagusa dirisha, upepo unamlamba vidole.
"Nipe taulo kuukuu," anasema, "tuzibe hapa kwanza.
Halafu uniambie yote, kutoka mwanzo,
wala nisikukisie."