Sungura Nyuma ya Kopo

Jumatatu saluni hufungwa.
Nikavaa miwani ya mume wangu,
ile ya kusomea, sikio moja limefungwa uzi,
nikaenda sokoni kusoma makopo.

Si mimi niliyeanza. Ni Ayikoru,
mwanangu wa darasa la tano,
anayefuga sungura wawili nyuma ya jiko.
Aliniuliza nimeshika kichwa cha mteja,
dawa ya nywele imeshaanza kuwasha:
"Mama, hii walimtia nani machoni kwanza?"
Mteja akacheka. Nami nikacheka.
Kisha nikamwosha kimya kimya,
povu likashuka jeupe ndooni,
swali likabaki pale juu.

Soko la Arua, safu ya vipodozi:
losheni zimejipanga kama wanafunzi siku ya gwaride.
Nageuza kopo. Maandishi kama mayai ya chawa.
Nageuza jingine. Kifaransa, limevuka kutoka Kongo.
La tatu lina picha ya sungura, anaruka,
na chini yake, nilipokwangua kwa ukucha,
karatasi nyingine: picha ya papai.

"Huyu sungura ana maana gani?"
Drani muuzaji hakuinua uso kwenye hesabu zake.
"Urembo tu, dada. Wiki ijayo wanakuja wenye twiga."

Kumbe bibi alinikatia hadithi katikati.
Sungura alimzamisha simba kisimani,
akamwacha tembo akivutana na kiboko,
kila mmoja akidhani anavutana naye.
Hakunisimulia siku aliyokutana
na mtu wa koti jeupe, mkononi kitone,
shingo imebanwa kwenye tundu la ubao,
jicho lisilojua kulia upesi
likangojwa lioze, liandikwe daftarini,
na ujanja wote umebaki masikioni.

Jua lilipofika utosini nilikuwa famasi, karibu na stendi.
Kijana akapekua simu yake muda mrefu,
akaniletea chupa ndogo, kifuniko cha mbao.
"Hii hapa. Hawa hawamgusi mnyama."
Bei yake ni siku tisa za kusuka.
Nikaishika kidogo, kama mtoto wa watu,
nikamrudishia.

Ni pale mlangoni nilipoiona krimu ya dada yangu.
Candiru aliipaka miaka sita.
Mashavu yakawa rangi ya chai ya maziwa,
vifundo vya vidole vikakataa, vikabaki vyeusi,
na sasa hata jua la saa mbili asubuhi linamchoma.
Krimu ile haikujaribiwa kwa sungura, naapa.
Ilikuja usiku, katikati ya magunia ya mchele,
ikajaribiwa hapa hapa, kwetu,
bila kizimba, bila daftari,
na pesa tukatoa sisi.

Nikarudi mikono mitupu.

Jioni nikampigia shangazi Adjumani.
Alhamisi basi likaleta mafuta yake ya shea
ndani ya chupa ya soda, yananuka moshi.
"Uliyajaribu kwa nani, shangazi?"
"Kwa kiwiko changu. Na kwa kisigino cha mjomba wako,
akiwa amelala. Hakuamka."

Nimeyaweka kwenye rafu, karibu na kioo.
Katika wateja kumi, wawili wanakubali;
wengine wanasema saluni yangu imekuwa jiko.
Dawa ya nywele bado naitumia. Nyingine sijapata,
na kodi haisubiri dhamiri ya mtu.

Jana nilijipaka kidogo kwenye kifundo cha mkono,
nikauingiza mkono kwenye kizimba cha Ayikoru.
Yule mwenye doa akasogea mwenyewe,
pua ikitetemeka, akanusa,
akapiga chafya,
akarudi kwenye majani yake ya viazi.

Ayikoru akafungua daftari la sayansi,
akaandika tarehe, kwa mwandiko safi,
na mbele yake neno moja:
*Amekataa.*